Lami ya mtaani kwenu isife mapema: anzeni na mtaro kabla ya mvua

Watu wa Kigoma tuongee kuhusu hizi lami za mitaani, maana Mwanga, Katubuka mpaka Ujiji kila masika yakipita mashimo yanaongezeka na wote tunalaumu malori, kumbe lori linamalizia tu, muuaji ni maji. Lami ni tabaka jembamba, nguvu iko kwenye kokoto na moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa chini, sasa maji yakipenya kwenye ufa huko chini panalainika, gari likipita lami inabonyea, inapasuka, shimo hilo.

Kwa hiyo msianze na shimo, anzeni na mtaro. Mwezi wa nane au wa tisa, kabla mvua hazijaanza, toeni machepe mzibue mitaro na makalavati, maana mji wetu ni wa miinuko, mvua ikishuka inakuja na mchanga na chupa zote za huko juu, na mtaro ukijaa maji yanapanda barabarani. Mchanga mkiutoa uondoeni kabisa, mkiuacha pembeni mvua ya kwanza tu unarudi ulikotoka. Halafu angalieni bega la barabara, yaani ile sehemu ya pembeni ya lami: kama udongo na majani yamepanda juu kuliko lami chongeni, maji yapate pa kushukia, na kama bega limeliwa jazeni moramu mshindilie, la sivyo kingo zinaanza kumeguka.

Ufa mmoja mmoja hausumbui, fagia mpaka vumbi liishe, mimina lami ya maji (lami nyepesi ya kumimina), nyunyiza mchanga mkavu juu. Ila ukiona nyufa zimejikata vipande vipande kama gamba la kobe jua chini pameshaoza, kuziba juu ni kutupa hela, hapo panachimbwa.

Shimo lenyewe sasa, tafadhali msijaze udongo wala vifusi vya matofali! Kateni kingo zisimame wima mpaka mfike kwenye lami nzima, toeni vilivyolegea na maji yote, pakeni lami ya maji chini na kwenye kingo, ndio mjaze lami baridi (kokoto zilizochanganywa na lami, haihitaji kuchemshwa) kwa tabaka za kama sentimita 5, kila tabaka inashindiliwa ndipo inafuata nyingine. Ya mwisho iache imepanda kidogo, magari yataibana.

Hiyo ni kwa njia za ndani ya kota au kompaundi yenu. Barabara za mitaa nyingi ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, hizo msichimbe wenyewe, pigeni picha mzipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa na msiache kumkumbusha, kiraka kidogo leo ni rahisi kuliko kurudia kipande kizima.

Na vijana wa bodaboda na bajaji, oili na dizeli zinayeyusha lami, mwageni kwenye dumu. Bomba likivuja chini ya lami toeni taarifa mamlaka ya maji siku hiyohiyo, na fundi akikata barabara kupitisha bomba simameni naye mpaka ashindilie tabaka kwa tabaka, asifukie tu akaondoka.