Mpira wa rejeta umepasuka ng'ambo ya Kasumbalesa: ufunge hivi ufike garaji

Toka Lubumbashi hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, ni kilomita 90 hivi, na baada ya mpaka mafundi wapo: Chingola, Kitwe, Ndola. Taabu huanza ukishapita Kapiri Mposhi na kushika njia ya Nakonde, pori tupu na malori. Kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvukia mipaka, hulipia watu uliowagonga, haikununulii mpira wa rejeta. Kwa hiyo beba mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, kilipu mbili za chuma za kubana mpira, bisibisi, kisu na dumu la maji.

1. Simama. Mshale wa joto ukipanda, zima AC, washa hita hadi mwisho, utafute pa kuegesha. Ukiona mvuke, zima injini. Zambia wanaendesha kushoto. Kama usukani wako uko kulia, mlango wako unafungukia malori, basi shuka upande wa abiria. Weka pembetatu zote mbili za tahadhari, sheria ya kule inazidai. Matawi ya miti tuliyozoea huku ni ya kuongezea tu.

2. Ngoja. Usiguse kifuniko cha rejeta. Minya mpira wa juu kwa kitambaa: ukiwa mgumu, presha bado imo ndani. Nusu saa ni kawaida, na jua likiwa kali ni zaidi. Abiria watanung'unika, waache wanung'unike.

3. Tafuta tundu. Fuata alama ya kulanti (maji ya dawa ya kupoza injini) iliyokauka, mara nyingi ni nyeupe au kijani. Mpira ukiwa umechanika mwishoni, karibu na kilipu, una bahati: kata kipande kibovu, usukume ulio mzima mahali pake, kaza. Ukichanika katikati, ndipo mpira wa baiskeli unahitajika.

4. Funga. Kausha na futa mafuta yote, maana penye grisi mpira huteleza. Kata utepe wa vidole viwili. Anza kiganja kimoja kabla ya tundu, vuta hadi utepe uwe mwembamba, kila mzunguko ulalie nusu ya uliotangulia. Pita tundu kiganja kingine, kisha rudi ulikotoka. Kaza kilipu kila upande wa tundu. Selotepu isahau: gundi yake huachia ikipata joto. Mpira wa baiskeli hauna gundi, unashika kwa kule kuvutwa tu.

5. Jaza maji. Maji baridi ndani ya injini ya moto hupasua silinda hedi, na hapo safari imekwisha. Injini ikipoa, mimina taratibu, washa, acha mapovu yatoke, ongeza. Maji ya kisima yanafaa kwa leo. Wengi wetu tunasikia Kibemba, kuyaomba kijijini si kazi.

6. Punguza presha. Kama kifuniko kina ngazi mbili, kifunge hadi ya kwanza tu. Kiraka hakitabanwa sana, ila kuna gharama yake: bila presha, kwenye uwanda ule wa mita 1,200 na zaidi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kwa hiyo usizidi kilomita 60 kwa saa, na milimani upande kwa gia ndogo bila kuisukuma injini.

7. Sikiliza hita. Iache ikivuma hata kama mnatoka jasho. Hewa ya moto ikigeuka baridi ghafla, maji yamekwisha. Simama papo hapo hata kama mshale unaonyesha salama. Kipimo kikibaki hewani bila maji husoma uongo, na mshale unaweza hata kushuka wakati injini inaungua. Mimi naamini hita kuliko mshale.

Simama baada ya kilomita 5 za kwanza uangalie kiraka, kisha kila 20. Dukani toa mpira wenyewe wa zamani wakupimie. Majina ya magari ya kutoka Japani huchanganya wauzaji. Ukishafunga mpya, mwaga yale maji ya kisima na utie kulanti.