Krimu ya kukinga jua: usipake kiduchu

Ukirudi jioni na pua imebabuka ilhali asubuhi ulipaka krimu, usikimbilie kulaumu chupa. Mara nyingi kosa ni kipimo. Namba ya SPF, yaani kiwango cha kinga kilichoandikwa kwenye chupa, hupimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 kwenye kila sentimita 1 ya mraba ya ngozi, na wengi wetu hatufikishi hata nusu yake. Kinga nayo hupungua vivyo hivyo.

Nyosha kidole cha shahada na cha kati, kisha kamulia krimu juu ya kila kimoja kuanzia shina hadi ncha. Hiyo ni ya uso na shingo tu. Mwili mzima wa mtu mzima unataka kama mililita 30. Ukiona ni nyingi mno, paka nusu, iache ikolee, ndipo uongeze iliyobaki. Pitisha mkono masikioni, kwenye kisogo na juu ya nyayo, maana huko ndiko husahaulika.

Paka dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, urudie kila baada ya saa 2. Ukiogelea, ukitoka jasho jingi au ukijifuta kwa taulo, rudia papo hapo, hata kama chupa imeandikwa kwamba haitoki kwa maji.

Wakati wa kununua, SPF 30 inatosha kwa wengi: huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya jua iitwayo UVB, na SPF 50 huzuia asilimia 98 hivi. Muhimu zaidi ni iwe inakinga UVA pia, aina nyingine ya miale ya jua. UVB ndiyo huunguza. UVA hupenya ndani zaidi, huleta makunyanzi mapema, na hupita kwenye mawingu na hata kioo cha dirisha. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, yaani rangi asilia ya ngozi, inayosaidia, lakini haijakingika kabisa. Kama tatizo lako ni madoa meusi usoni, tafuta krimu yenye rangi iliyotiwa oksidi ya chuma, kwa sababu mwanga wa kawaida nao huyakoleza.

Hata hivyo, krimu ije baada ya nguo na kivuli. Kwa mtu mwenye ualbino hili halina mjadala: mikono mirefu, miwani ya jua na kofia yenye ukingo wa sentimita 7.5 au zaidi, kila siku. Inua shati lako kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya, jua nalo litapenya. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua ni kali. Mtoto wa chini ya miezi 6 akingwe kwa kivuli na nguo.

Dawa kama doksisaiklini, ambayo ni antibiotiki, hufanya ngozi iungue upesi, muulize mfamasia. Maji ya ndimu yakikurukia, yaoshe kabla ya kutoka, la sivyo ngozi inaweza kutoka malengelenge. Na chupa ya krimu usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani: joto huiharibu kabla ya tarehe yake.