Kuipa Selulosi ya Magugumaji Uwezo wa Kuzuia Bakteria

Magugumaji yanayoziba ufuo wa Dunga, Kisumu, yana selulosi (kijenzi kikuu cha nyuzi za mimea) ya kutosha kwa kazi hii ya maabara. Kausha mashina, uyasage, uyachemshe katika sodiamu haidroksaidi, kisha uyang'arishe kwa haidrojeni peroksaidi. Vaa glavu. Loweka nyuzi za selulosi zilizobaki katika sodiamu periodeti, kemikali ya kuoksidisha, chombo kikiwa kimefunikwa kwa karatasi ya alumini kwa sababu mwanga huiharibu kemikali hiyo. Hapa ndipo pete ya glukosi, kiungo kimoja cha mnyororo wa selulosi, hukatwa kati ya kaboni ya 2 na ya 3, na aldehaidi mbili (vikundi vya atomi vinavyoshikana kwa urahisi na kemikali nyingine) zikajitokeza. Suuza mno, kwani mabaki ya periodeti yanaweza kuua bakteria na kukudanganya. Changanya na kaitosani (kemikali itokanayo na maganda ya kamba na kaa) iliyoyeyushwa katika asidi asetiki hafifu: baadhi ya amini zake, yaani vikundi vyake vyenye nitrojeni, hushikana na aldehaidi, na zilizobaki, zikiwa na chaji chanya, huvuruga utando wa bakteria. Pima kwenye agari, yaani jeli ya kuoteshea bakteria, ukilinganisha na nyuzi zisizobadilishwa.