Kiyoyozi cha gari la zamani kikigoma, anza na athi

Gari la zamani linalolala karibu na bahari, iwe Raskazone au kwingine hapa Tanga, kiyoyozi kikigoma usikimbilie kujaza gesi. Chumvi ya hewani hula maungio ya waya kimyakimya, yakiwemo ya athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri.

Washa injini na kiyoyozi, tazama klachi ya kompresa, yaani sehemu ya mbele yenye koili ya waya inayogeuka sumaku na kuishikisha kompresa izunguke na mkanda. Isiposhika, pima volti kwenye plagi yake ikiwa imechomekwa. Ukiichomoa, waya mbovu utaonekana mzima. Betri ikisoma 14 na plagi 10, sumaku haina nguvu ya kutosha. Ndiyo maana klachi nyingine hushika asubuhi na kuachia injini ikipata moto: koili ikichemka ukinzani wake hupanda.

Sasa gusa hasi ya betri kwa ncha moja ya mita, bodi ya kompresa kwa nyingine, mkondo ukiwa unapita. Zaidi ya volti 0.2, athi ni mbovu. Klachi nyingi zina waya mmoja tu, athi yake ni bodi yenyewe. Fungua boliti ya waya wa athi, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu.

Ikisoma sifuri kwenye plagi, kagua fyuzi, relei na swichi ya presha. Hiyo swichi usiiunganishe moja kwa moja ukaondoka, tafadhali: huenda imekata kwa sababu gesi imeisha, na oili ya kompresa huzungushwa na gesi hiyohiyo. Kompresa itajikaanga.

Fyuzi ikiungua tena, usiweke kubwa zaidi. Pima koili, nyingi husoma takriban omu 3 hadi 5. Ikiwa chini sana, imeshoti.