Namba kubwa: jaribu 7, 11 na 13 kwa mkupuo mmoja
Nimeijua hii wiki hii na tayari imeniokolea kurasa za kugawanya. Ukitaka kujua kama namba ndefu inagawanyika kwa 7, 11 au 13 bila baki, ikate vipande vya tarakimu tatutatu kuanzia KULIA, kisha toa, jumlisha, toa, jumlisha. Chukua 4,672,918,341: 341 − 918 + 672 − 4 = 91. Sasa shughulika na hiyo 91 tu. Ni 7 × 13, kwa hiyo namba nzima inagawanyika kwa 7 na kwa 13, lakini kwa 11 haigawanyiki. Jibu likiwa hasi, puuza alama. Likiwa 0, inagawanyika kwa zote tatu.

Siri yake ni 1001, ambayo ni 7 × 11 × 13. Elfu moja ni 1001 kutoa 1, basi kila ukiruka kipande kimoja kwenda kushoto alama inageuka. Mimi hapo ndipo nilipofurahi hasa, maana kumbe si kanuni ya kukariri.

Inapokwama: ukianza kukata kutoka kushoto, jibu halina maana, isipokuwa idadi ya tarakimu igawanyike kwa 3. Pia haikuambii lolote kuhusu 17 au 19, kwa hiyo namba ikifeli majaribio yote matatu usikimbilie kuiita namba tasa. Na kwa 3 na 9 jumlisha tarakimu zenyewe, ni haraka zaidi: za namba yetu zinatoa 45, kumbe inagawanyika kwa 9 pia.