Familia ya Rubani wa Misheni: Namna ya Kupanga Maisha Katika Kituo cha Mbali

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanandoa ambao mmoja wao ni rubani, fundi wa ndege au msimamizi wa safari, na ambao wanafikiria kukubali kituo cha mbali cha huduma ya Kikristo ya usafiri wa anga, mfano wa vituo ambavyo shirika la Mission Aviation Fellowship (MAF) limekuwa navyo Dodoma, Juba na Nyankunde mkoani Ituri. Zamani waliofanya kazi hii walikuwa karibu wote wageni kutoka ng'ambo, na ushauri mwingi uliopo unawalenga wao. Leo wamo Watanzania, Wakenya, Waganda na Wakongo, na yanayowasumbua nyumbani ni mengine kabisa. Ninachosisitiza ni kwamba utulivu wa nyumbani ni sehemu ya usalama wa ndege, na kwa sababu hiyo mambo ya nyumba yapangwe kwa uzito uleule unaotumika kupanga safari.

Kabla ya kukubali

Ombeni nyote wawili mfike kituoni na kulala pale siku chache kabla ya kutia sahihi, kwa maana rubani akienda peke yake atarudi na habari za urefu wa njia ya kurukia na hali ya banda la ndege, asijue maji yanatoka wapi wakati wa kiangazi. Ulizeni umeme ni wa gridi au wa sola, na betri zinahimili friji usiku kucha au haziwezi. Ulizeni hospitali iliyo karibu ina daktari wa upasuaji au haina, na mjamzito husafirishwa wapi na katika mwezi wa ngapi. Ulizeni kuhusu fedha bila aibu: ikiwa mtategemea michango ya makanisa na wafadhili badala ya mshahara kamili, ni nani atakayewalipia NSSF na bima ya afya, na michango ikipungua mwezi mmoja pengo litazibwa na nani. Watumishi wengi huona haya kuuliza hili kwa kuwa kazi ni ya Mungu, kisha hulibeba kimyakimya kwa miaka.

Swali linalosahaulika zaidi ni la mwenzi asiyeruka. Katika historia ya huduma hii kuna wanawake waliobeba nusu ya kazi bila cheo wala malipo. Marj Saint ndiye aliyekuwa akishika redio nyumbani kwao Shell Mera, Ecuador, mumewe Nate, rubani wa MAF, alipokuwa angani, hadi siku ile ya Januari 1956 ambapo Nate na wenzake wanne waliuawa. Siku hizi kufuatilia ndege ni kazi ya mtu aliyefunzwa na anayelipwa, na ni haki iwe hivyo. Kwa hiyo mwenzi asikubali maneno ya jumla kama vile "utasaidiasaidia pale kituoni." Atajiwe kazi yenye saa na mipaka, au aelezwe wazi kwamba hakuna, ili atafute ya kwake mwenyewe: kufundisha, kuuguza, kulima au kuendelea na masomo kwa njia ya mtandao pale ambapo mtandao upo.

Siku ya kuruka

Katika ukanda wa Ikweta mawingu ya mvua hujikusanya zaidi alasiri, na viwanja vingi vya vijijini havina taa, hivyo safari huanza mapema na ndege inatakiwa iwe imetua kabla ya giza. Maana yake kwa nyumba ni kwamba rubani huamka saa kumi na moja alfajiri au kabla, na usingizi wake wa usiku uliotangulia si anasa. Kubalianeni mapema nani ataamka mtoto akilia usiku wa kuamkia safari, na mwenye zamu ya usiku apewe muda wake wa kulala siku ya pili, kwa sababu naye si mashine.

Marubani hufundishwa kujikagua kabla ya kupanda: je, ninaumwa, nimemeza dawa, nina msongo, nimelewa, nimechoka, moyo umetibuka? Maswali karibu yote haya majibu yake hupatikana nyumbani. Mkiwa na ugomvi, msiufungue usiku wa kuamkia safari. Uwekeeni siku maalumu ambayo haina ndege, na siku hiyo ikifika msiikwepe, maana mwenzi anayeambiwa kila mara "si leo, kesho naruka" hatimaye huacha kusema kabisa, na ukimya huo nao huingia kwenye chumba cha rubani. Ugomvi ukitokea hata hivyo, rubani awe na uhuru wa kumpigia mkuu wake na kusema kwamba leo haruki, na mwenzi amsaidie kulisema hilo badala ya kumwonea haya kwa kuwa wagonjwa wanasubiri.

Dawa nazo zinahitaji nidhamu. Dawa nyingi za mafua na za mzio huleta usingizi, kwa hiyo zile za rubani zitengwe na za watoto, naye asimeze chochote kabla ya kumuuliza daktari anayesimamia afya ya marubani. Katika kinga ya malaria, mefloquini imekatazwa kwa marubani na mamlaka nyingi za anga kutokana na athari zake kwenye akili. Chandarua kitumike kila usiku, na vipimo vya haraka vya malaria viwemo ndani ya nyumba, kwa kuwa homa ya "labda ni uchovu tu" hugharimu siku ambazo kituo hakina rubani wa akiba.

Kusubiri

Kwa kanuni za kimataifa, hatua ya kwanza ya mashaka huanza dakika 30 zikipita tangu wakati ambao ndege ilipaswa kutoa taarifa na haikutoa. Mwenzi aijue kanuni hiyo, na aijue orodha ya hatua zinazofuata, ili dakika kumi za ukimya zisimtoe roho. Pangeni pia na kituo mtu mmoja tu, kwa jina, atakayempasha mwenzi habari ndege ikichelewa, na njia atakayotumia, kwa sababu vijiji vina kasi kuliko redio na uvumi wa ndege iliyoanguka unaweza kufika mlangoni kabla gurudumu halijagusa ardhi. Sishauri kuacha programu ya kufuatilia ndege ikiwa wazi kwenye simu siku nzima. Alama ikisimama skrini, mara nyingi kilichokatika ni mtandao, lakini moyo hautaki maelezo hayo.

Ndugu, mizigo na misiba

Hapa ndipo familia za Kiafrika katika kazi hii hubanwa zaidi. Ndugu wanamwona mwana wao karibu na ndege na kuhesabu kuwa ana fedha, na tena ana usafiri. Waelezeni mapema, mbele ya wazee wa ukoo, kwamba ndege ndogo kama Cessna Caravan hupakiwa kwa hesabu ya uzito, kwamba abiria hupimwa kwenye mizani pamoja na mizigo yake, mama mkwe akiwemo, na kwamba nafasi za safari hutolewa na ofisi wala si na rubani. Gunia la mchele la shangazi nalo linaingia katika hesabu hiyo. Maelezo haya yakitolewa na mchungaji au mjomba anayeheshimika hupokelewa vizuri kuliko yakitoka kwa mke wa rubani, ambaye kwa kawaida ndiye anayelaumiwa.

Msiba ni jambo zito zaidi. Mkiwa mbali hamtaweza kufika katika kila mazishi, na kutofika bila maelezo huacha donda la miaka. Ketini kabla ya kuhama mwaandike misiba ambayo mtaendea kwa gharama yoyote, kwa kawaida ya wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja pande zote mbili, kisha mwombe kituo kikubali kwa maandishi kumpumzisha rubani katika misiba hiyo. Kwa mingine, tengeni fungu la rambirambi kila mwezi, mmoja wenu apige simu siku ileile, na mwende kuhani mkiwa likizoni hata kama miezi imepita. Rubani aliyefiwa asirudishwe angani upesi kwa hoja kwamba kazi itamsahaulisha.

Watoto

Wamisionari wa kigeni walitatua suala la shule kwa bweni. Rift Valley Academy ya Kijabe, Kenya, ipo tangu 1906. Ada za shule za namna hiyo ni nzito kwa familia nyingi za hapa, na si kila mtoto mdogo anafaa kulelewa mbali. Tatizo kubwa zaidi ni mitaala: mtoto wa Kitanzania akihamia Kongo atakuta masomo kwa Kifaransa, na akirudi atakuta mtihani wa taifa unamsubiri. Ni busara uhamisho usifanyike katika miaka miwili ya mwisho kabla ya mtihani wa kumaliza hatua, na jambo hilo liingizwe katika mazungumzo ya mkataba.

Kuondoka kwa dharura

Nyankunde ilishambuliwa Septemba 2002, mapigano yalilipuka Juba Desemba 2013 na tena Julai 2016, na Januari 2025 uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mji ulipotekwa. Funzo la Goma liwakae sana ninyi mnaoishi kwa ndege: uwanja unaweza kuwa wa kwanza kufungwa, kwa hiyo mjue pia njia ya barabara na ya ziwa. Mkoba mmoja uwe na pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo ya homa ya manjano, dawa za kila siku na dola katika noti zisizochakaa. Uwe pia na barua iliyosainiwa inayomruhusu kila mzazi kuvuka mpaka na watoto akiwa peke yake, kwa sababu siku hiyo rubani huenda yuko angani akiwahamisha wengine huku familia yake ikiondoka kwa gari la watu. Uamuzi wa mke au mume na watoto kuondoka uwe mikononi mwa huyo aliyeko nyumbani akishauriana na mkuu wa kituo, bila kusubiri ndege itue, na rubani akubali hilo kabla ya kupokea funguo za nyumba.