Ndege wa majira ya kuchipua Central Park: chagua siku kwa upepo

Ukipanga kwenda Central Park, bustani kubwa katikati ya jiji la New York, kutazama ndege wanaohama, lenga wiki mbili za kwanza za Mei, ila usijifunge na tarehe moja. Acha nafasi ya siku tatu au nne, kisha kila jioni angalia upepo. Wobla (warbler, ndege wadogo wanaokula wadudu) na ndege wengine wengi wadogo husafiri usiku kutoka kusini, kwa hiyo upepo wa kusini huwasukuma kwa wingi. Ukivuma wa kaskazini, wengi husubiri. Tovuti ya BirdCast huonyesha kwa rada ndege wanaopita angani usiku huohuo. Na mvua ikinyesha karibu na alfajiri baada ya usiku wa upepo wa kusini, amka! Ndege hulazimika kushuka, na katikati ya jiji lile la zege hakuna kijani kikubwa kama bustani hiyo cha kutua.

Panda treni ya chini ya ardhi ya C hadi kituo cha 81st Street, uingie bustanini hadi Ramble, sehemu yake yenye miti mingi, mapema, kabla ya watu na mbwa kujaa. Tazama mialoni inayochanua, maana viwavi wanaoliwa na ndege wako humo, halafu simama kimya kwenye kidimbwi cha Azalea Pond, humohumo Ramble, ndege wanakokuja kunywa na kuoga. Darubini ya macho mawili ya 8x42 (inayokuza mara nane, yenye lenzi za milimita 42) inatosha kabisa.

Tafadhali, usicheze sauti za ndege kwenye simu ili kuwavuta. Wamechoka na safari ndefu, na kila dakika ya kula ni muhimu kwao.